Udhaifu wa Mwanahawa

"Haya mwanangu, udhaifu wako ni upi?" aliuliza mama mwenye hoteli.

Mwanahawa alikuja kuomba kazi ya kupika, na shoga zake walishamfunza ajibu kwamba anapenda kazi mno. Lakini kuitwa mwanangu kulimlainisha, akasema kweli. Jamani, anayekuita mwanangu si lazima akuonee uchungu.

"Mimi siwezi kumkatalia mtu mzima, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nyumbani wananicheka."

Yule mama naye akacheka, akainuka kuchukua eproni nyuma ya mlango. "Basi kazi umepata. Unaanza sasa hivi, na utalala humu humu na wenzako. Kwenu utakwenda mwisho wa mwezi. Au hutaki?"

Mwanahawa alikuwa amemwacha kwa jirani mtoto wake anayenyonya, akiahidi kurudi upesi. Maneno yalimjaa mdomoni.

"Sawa, mama," alisema.

Mama akamgeuza, akamfunga kamba za eproni mgongoni, akakaza fundo. Kifuani, maziwa yalikuwa yameanza kutoka yenyewe, na doa likawa linatanuka kwenye kitambaa cheupe.