Ekseli ya Mbele

Yarow alijilaza chalichali chini ya lori la mtu aliyekuwa anakwenda kumwoa mkewe, akaomba apewe spana kubwa.

Mkewe wa zamani, kusema haki. Lakini moyo wa Yarow ulikuwa haujajifunza kusema hivyo.

Barre, mwenye lori, mfanyabiashara wa ngozi na sukari pale Garissa, alimpa spana bila kumtazama usoni. Nikaha ilikuwa ifungwe Bura siku ya Ijumaa, na mvua ilishaanza huko. Safari ya kwanza lori lilizama kwenye tope jeusi, bwana harusi akafika wageni wametawanyika na nyama imeliwa. Baba mdogo wa bibi harusi akaapa mbele ya watu kwamba akichelewa tena, posa imekufa, na Ebla atapelekwa kwa jamaa zake Eldas, ambako Garissa haitamwona tena.

Barre alifikiria minyororo ya magurudumu ya nyuma. Yarow akamwambia kwamba minyororo hufaa topeni, ila kwenye barabara ngumu itayatafuna matairi, na lori hilo hilo ndilo linalobeba sukari yake mwaka mzima. Je, gia za difu zichomelewe, ili magurudumu ya nyuma yazunguke pamoja? Hilo pia Yarow alilikataa. Topeni lori litakwenda, lakini kwenye kona kavu litakuwa kaidi kama punda, na shafti zitakatika.

"Basi unanishauri nini, walaal, ndugu yangu?" Barre aliuliza.

Yarow alikwenda nyuma ya banda lake, akafunua turubai. Chini yake ilikuwapo ekseli ya mbele ya lori la jeshi lililotelekezwa porini baada ya vita na Mtaliano, pamoja na giaboksi yake ndogo. Ilisukuma magurudumu ya mbele pia, na ukifika barabara ngumu, unaifungua kwa mkono wa gia, lori linakwenda kama kawaida. Watu wengi walikuwa wameitaka, na wote aliwafukuza.

Ekseli hiyo ndiyo iliyomvunjia nyumba. Mwaka wa njaa Ebla aliiuza kwa dalali mmoja ili wapate unga, bila kumwuliza. Yarow aliporudi na kukuta pale mahali patupu, hasira zikampanda, akatamka talaka tatu kwa mkupuo, hata jirani wakasikia. Kesho yake alimwangukia dalali, akarudishiwa. Ekseli ilirudi, mke hakurudi. Tangu hapo Yarow alikuwa akilala kwenye banda, maana nyumba ilimshinda.

Sasa alikuwa akimfungia Barre ekseli ile ile, na hakutaka hata senti. Aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ya chini, huku akipangusa mikono.

"Neno letu ni lile lile?"

Barre aliitikia kwa kichwa, kisha akaenda kuangalia turubai za kufunika mizigo.

Mji mzima ulishangaa. Fatumo, muuza chai wa jirani, alishindwa kuvumilia. Alimletea kikombe, akainama kana kwamba anatafuta kitu kilichoanguka, akamwambia alegeze nati moja tu, moja, lori life njiani, na nani atajua? Kwani yeye si binadamu? Yarow alikunywa chai yake, akamrudishia kikombe, akazikaza nati zote upya kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Fatumo akafuta machozi kwa ncha ya shashi yake ya kichwani. Alisema mtu wa namna hii hajamwona maishani.

Yarow akataka asafiri nao, isije ekseli ikaleta matata. Wazee wa upande wa bwana harusi, waliokaa juu ya magunia, walisogea kwa heshima, wakamwachia mahali pazuri pa kukaa.

Walipofika kwenye lile tope jeusi, mvua ilikuwa imeligeuza uji. Lori likayumba, likazama, magurudumu ya nyuma yakazunguka bure. Wazee wakaanza kuomba Mungu. Yarow alipanda ndani kwa dereva, akavuta mkono wa gia. Magurudumu ya mbele yakauma ardhi, lori likaguna, likatambaa, likatoka. Watu walishangilia na kumpiga mabegani, naye akacheka nao. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu Ebla aondoke.

Walifika Bura kabla ya sala ya Ijumaa. Baada ya sala nikaha ikafungwa, wanawake wakapiga vigelegele, na Yarow akakaa na wanaume akala wali na nyama ya ngamia. Ebla alimwona kwa mbali, mara moja, akavuta shashi yake. Yarow hakuinuka. Sheikh aliyefungisha nikaha alimsifu mbele ya wote, akasema Mwenyezi Mungu hasahau subira ya mja wake. Yarow akainamisha kichwa kwa haya.

Alasiri, watu walipojinyoosha kupumzika, alimwita Barre nyuma ya lori.

"Mimi upande wangu nimetimiza," alisema. "Sharia inasema hawezi kunirudia mpaka aolewe na mume mwingine, naye amwache. Leo ameolewa. Niambie, ndugu yangu, utamwacha lini?"

Barre aliinamisha macho.

"Nilimweleza mapatano yetu kabla ya posa, Yarow. Alinikubali kwa sharti moja tu, kwamba nisimwache."