Neno la Mwisho la Zamoyoni

Maneno magumu ya Kiingereza hayakaririwi tena. Mwanafunzi hubandika kibandiko nyuma ya sikio, na kwa robo saa huishi maana ya neno lenyewe. Baada ya hapo hawezi kulisahau. Kwa desturi, ndugu mmoja hukaa naye mpaka maana ipite.

Zamoyoni alikuwa amebakiza neno moja kabla ya mtihani wa kuingia udaktari. Mama yake, Mashavu, alijifuta unga mikononi, akaketi naye mkekani.

"Leo lipi, mwanangu? Maana lile 'voracious' la juzi, la ulafi, lilinimalizia chapati za nyumba nzima."

"Si ulizipika tamu mwenyewe, mama! Leo ni 'estrangement'. Ni mtu kuwa mgeni kwa watu wake."

"Sasa hilo la nini kwa daktari?"

"Wagonjwa wanalo. Nataka kujua likoje."

Akabandika. Mashavu akamshika mkono. Haukupita muda, mkono ule ukajitoa taratibu, kwa adabu. Zamoyoni akawa anatazama picha za ukutani moja moja, kwa makini, bila kuuliza kitu.

Robo saa ilipotimia, kibandiko kikageuka kijani. Neno lilikuwa limeshika.

"Limepita?" Mashavu aliuliza.

"Limepita, mama. Nimelielewa vizuri kabisa."

Mashavu akashusha pumzi, akammiminia chai. Zamoyoni akanywa yote, akashukuru, akaenda kuosha kikombe. Kisha akasimama nacho katikati ya jiko.

"Mama," aliita, "vikombe mnaweka wapi?"