Kiburi cha Emery

Kocha wa besiboli alisimama mbele ya jeneza la kaka yangu, katika kanisa letu dogo la mtaa wa Malvern. Mkononi aliugeuzageuza mpira mweupe, kidole gumba kikifuata mshono wake mwekundu. Alizungumza Kiingereza, nami nikawa namtafsiria Mama kwa Kiswahili.

"Sijawahi kuona mrusha mpira kama Emery," alisema. "Lakini alikuwa na kiburi. Nikimwita, ananipa mgongo. Akapigana na wenzake. Mwishowe pombe ikammaliza."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Ni kweli, Emery alikuwa akinywa. Lakini asubuhi ile alipogongwa na teksi kwenye barabara ya Jules Street alikuwa hajaonja pombe. Tulikuwa tumetoka kunywa chai pamoja. Dereva aliapa kwamba alipiga honi hadi akachoka.

Nikaacha kutafsiri.

"Alikuwa hasikii," nikamwambia kocha kwa Kiingereza. "Sikio la kushoto lilikufa Goma, bomu lilipoanguka karibu na nyumba yetu. La kulia nalo lilikuwa linaelekea kufa."

Mpira ukatulia mkononi mwake.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema ungemtoa kwenye timu."

Kocha alilitazama jeneza.

"Ningemtoa," akasema.

Mama akanivuta mkono wa gauni. "Mwanangu, mbona umeacha kunitafsiria? Anasema nini?"