Mafuta ya Kukandia

Kalamu iliteleza mkononi mwa Wacuka, juu ya fomu ya hospitali. Vidole vyake bado vilikuwa na mafuta aliyomkandia bintiye tumbo, siku tatu mfululizo, nyumbani kule Kola.

"Kidole tumbo kimepasuka, mama, na usaha umejikusanya," daktari akasema. "Tukimpasua leo, matumbo yameshikana, tunaweza kuyajeruhi. Tukimpa dawa kwa mshipa na kuutoa usaha kwa mrija, huenda akapona bila kisu, huenda usaha ukarudi. Utaamua wewe."

"Angekuwa wako, daktari?"

"Ningeogopa kama wewe." Kisha akauliza polepole, "Kuna mtu alimkanda?"

Wacuka alikunja ngumi. Mamake alimkanda yeye hivyo hivyo, na nyanyake pia. Hakuna tumbo lililowahi kuishinda mikono yao.

"Ni mimi."

"Tumbo kama hili halikandwi, mama."

Alijifuta vidole kwa leso, akajifuta tena. Mafuta hayakutoka. Fomu ilibaki bila sahihi.

Kitandani, msichana alifumbua macho, akaushika mkono wa mamake, akauvuta hadi tumboni.

"Mama, nikande."