Koo Lilinyamaza

"Fungua mdomo," daktari alimwambia binti, akawasha tochi.

Kesho wangempasua, washone valvu ya moyo inayovuja. Hajira, mama yake, alikaa ukingoni mwa kitanda akiitazama kanga ya mwanawe ikirukaruka kifuani, kana kwamba imefunika kifaranga.

Daktari aliinama zaidi. "Kimeo chako kimekatwa. Utotoni ulikuwa ukiumwa koo?"

"Sana."

"Koo hilo lisipotibiwa likaisha, ugonjwa hushukia moyoni ukaila valvu. Hukupewa vidonge?"

Hajira alivikumbuka. Alipewa zahanati, akaambiwa mtoto avimalize. Lakini siku ile mkata kimeo wa Magoma alipomwonyesha kile kinyama kwenye jani la mgomba, alirudi nyumbani akavitupa vidonge chooni, tena kwa furaha. Ubaya si ulikuwa umeshatoka? Na koo kweli lilinyamaza.

Alifumbua mdomo aseme.

"Vidonge vya nini, daktari?" binti alimtangulia, akaushika mkono wake. "Mama alinibeba mgongoni toka kwetu mpaka Magoma, juani. Kwa ajili yangu hakuna ambacho huyu hakufanya."

Hajira akafumba mdomo.