Mkono wa Leanne

Leanne aliponishika mkono pale mkahawani Grimsby, Uingereza, niliuchomoa wangu kama nimeungua.

"He! Kwani nang'ata?" akacheka.

Uso uliniwaka. Mtu mzima mwenye mvi, nikajieleza kama mtoto aliyekojoa kitandani.

"Tukianza mapenzi, lazima nimwambie afisa anayenisimamia. Nikinyamaza, narudishwa gerezani."

"Gerezani? Ulifanya nini?"

"Ujana. Nilimnyang'anya mtu simu, nimemshikia kisu. Nikapewa kile kifungo kisicho na tarehe ya kuisha."

"Si serikali ilishakifuta?"

"Iliwafutia watakaohukumiwa baadaye. Sisi tuliokuwa ndani tukaachwa nacho. Nimeachiliwa kwa masharti tu; hata hapa nilipokaa ninacho."

Mkono wake ulikuwa bado katikati ya meza, kiganja juu, kando ya keki tuliyokuwa tukigawana. Kidole gumba kilikuwa na kovu dogo la pasi. Nililitazama lile kovu, nikajikaza, nikaunyoosha mkono wangu taratibu.

Leanne akauondoa wake. Akainua kikombe, akanywa, akanywa tena, macho dirishani.

Kilikuwa kitupu. Chai yake alishaimaliza kabla sijaanza kusema.