Malalamiko ya Gatimu

Malalamiko yalitoka kwa mtu aliyezikwa miaka tisa iliyopita.

Jamleck aliisoma notisi mara nne kwenye simu, amesimama nje ya nyumba yao, mtaani Skuta. Video tatu za chaneli yake ya mtandaoni zilitumia wimbo wa watu bila ruhusa. Mwenye wimbo: Gatimu. Gatimu asipoondoa malalamiko kufikia Ijumaa, chaneli inafungwa.

Na Gatimu alikuwa babu yake, baba wa mama. Jamleck mwenyewe alisaidia kufukia kaburi.

Picha za mchezo wa video wa magari hazikuwa na neno. Wenye mchezo wanaruhusu. Kilichomponza ni wimbo. Kaseti ya babu, gita moja na sauti ya kukwaruza, mama huiweka ndani ya mfuko wa Biblia. Mwaka jana Jamleck aliichomoa mama akiwa nje, akairekodi, akairudisha, kisha akauweka wimbo kwenye video za magari yanayogongana. Angeomba, angenyimwa. Alilijua hilo, ndiyo maana hakuomba.

Watu wakaupenda ajabu. Chaneli ikaanza kumlisha, baada ya miaka miwili ya kutafuta kazi hadi Kerugoya. Humo hakuonyesha sura. Alijiita Kichwa Ngumu, na jina lilimfaa.

Jumatatu alimwandikia mwenye wimbo kwa anwani iliyokuwa kwenye notisi. Kumwomba marehemu msamaha kwa barua pepe ni kichekesho, lakini mfa maji haachi kutapatapa. Hakujibiwa. Leo ilikuwa Alhamisi. Lililobaki ni kuungama kwa mama.

Alimkuta mama yake, Phyllis, jikoni, akichagua mawe kwenye mchele wa Mwea.

"Mama, niko na neno."

"Kaa kwanza, baba. Hata mimi niko na neno. Na kitambulisho yako iko kwa kabati, ile nilichukua nikisema ni ya mambo ya majani chai. Nilikudanganya kidogo."

Jamleck hakuyasikia vizuri hayo. Alikuwa akitafuta pa kuanzia.

"Ni ile kaseti," alisema.

"Ni hiyo hiyo." Mama aliweka ungo chini. "Wawira wa saiba, pale kwa kompyuta, aliniambia kuna mtu ameiba wimbo ya baba yangu, anaweka kwa michezo ya magari. Ati anajiita Kichwa Ngumu. Nililia, wacha tu. Sijui kama huyo ako na mama."

Jamleck aliinamisha kichwa.

"Sasa nikaandikisha huo wimbo, mtu asiguse tena, na Wawira akapeleka malalamiko," mama aliendelea. "Na huyo mwizi ameandikia Wawira kwa saiba, anaomba msamaha." Akatoa karatasi mbili kwenye mfuko wa Biblia. "Wawira anasema mwenye wimbo ndiye anaamua, si mimi. Soma, baba. Lakini ukiniuliza, usimsamehe."

Karatasi ya juu ilikuwa barua yake mwenyewe. Ya chini ilikuwa cheti cha wimbo, na mahali pa mwenye mali paliandikwa nambari ya kitambulisho chake na jina lake lote, kama mama alivyompa siku aliyomzaa: Jamleck Gatimu Mwai.